Istilahi za Ramani za Setilaiti na Hatari za Mazingira Mijini: Mbuga, Ardhi Tupu na Maeneo Hatarishi

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya maneno machache ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali huyakuta kila wanaposhika ramani iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti. Ramani hizo huonyesha jinsi ardhi inavyotumika, na siku hizi ndizo zinazotegemewa katika kupima hatari zinazoikabili miji yetu, hasa mafuriko, mmomonyoko wa udongo na uchafuzi wa maji. Mifano yetu tutaichukua katika sehemu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni Bonde la Mto Msimbazi katika Jiji la Dar es Salaam, ambako madhara yamekwisha kuonekana. Ya pili ni Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, ambako makazi yangali ya vijiji lakini ishara za mji zimeanza kuchomoza. Tutajaribu kuonyesha kuwa neno likikosewa katika ufunguo wa ramani, kosa hilo halibaki juu ya karatasi. Hushuka hadi kwenye milango ya nyumba za watu.

Maneno yaliyotangulia

Yafaa tuanze na neno ramani lenyewe. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kiajemi lililopita katika Kiarabu, ambalo kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi lilikuwa jina la kitabu cha kuongozea njia. Nahodha alikifungua apate kujua miamba iko wapi, pepo huvuma lini, na bandari ipi ina kina cha kutosha. Kwa hiyo tangu asili ramani ilikuwa chombo cha kumwepusha mtu na hatari. Anayeitumia leo kutafuta mahali ambapo mafuriko yanaweza kupiga anairudisha kwenye kazi yake ya kwanza.

Neno la pili ni mazingira. Asili yake ni kitenzi kuzinga, na nduguye kuzingira, yaani kuzunguka kitu pande zote. Zamani lilisemwa zaidi kwa maana ya mambo yanayomzunguka mtu katika shughuli fulani. Maana ya hewa, maji, udongo, mimea na wanyama ilipata nguvu polepole, na ikathibitika katika maandishi ya Serikali baada ya Sheria Na. 19 ya 1983 kuunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Neno la tatu ni mbuga, na hili ndilo lenye kisa kirefu. Mkulima au mfugaji wa bara asemapo mbuga, hasemi uwanda wowote wenye nyasi. Anataja ardhi ya chini yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika hunywa maji, ukavimba na kunata, na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alieleza jinsi udongo wa Afrika ya Mashariki unavyofuatana kutoka kilele cha mwinuko hadi chini bondeni, kama pingili za mnyororo mmoja. Ramani yake ya udongo ilitolewa mwaka 1936. Pingili ya chini kabisa ya mnyororo ule ndiyo mbuga, na wataalamu waliomfuata waliendelea kuliandika neno hilo kama lilivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza, kwa kuwa halikuwa na jina jingine la kutosha. Hapa basi lugha yetu iliikopesha sayansi. Tutaona baadaye jinsi mkopo huo ulivyosahauliwa na wenyewe.

Picha za kutoka juu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, ambayo kwa ajili yake ndege zilipiga picha za Tanganyika na nchi jirani. Karatasi za ramani zenye kipimo cha 1:50,000, ambazo watumishi wengi wa wilaya wamezizoea, zilitokana na kazi hiyo.

Mwaka 1967 yalitokea mambo mawili ambayo hayakuonekana kuwa na uhusiano. Sheria Na. 27 ya mwaka huo iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Chombo kimoja kilikabidhiwa maneno, cha pili kikakabidhiwa ardhi. Kila kimoja kilikwenda njia yake, ilhali ardhi isiyo na majina haipangiki.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa la Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Kazi yake haikuwa kutazama ardhi, bali kuchunguza mionzi itokayo kwenye nyota. Hata hivyo twaitaja kwa sababu jina la Kiswahili lilifika angani kabla ya Kiswahili kuwa na istilahi za kuisimulia kazi hiyo ya angani.

Chombo kilichobadilisha utengenezaji wa ramani za ardhi kilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, nacho kilikuja kuitwa Landsat. Kilipita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Mwaka 1975 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki na jirani zake, na wataalamu wetu wengi wamefundishwa hapo kusoma picha hizo. Mwaka 1982 ilirushwa Landsat ya nne, iliyoona vitu vidogo zaidi. Tangu mwaka 2008 hazina yote ya picha za Landsat ilianza kutolewa bure, hata mwanafunzi asiye na fedha akaweza kulinganisha mji wake wa leo na ulivyokuwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2014 na 2015 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti za Sentinel, nazo picha zake hutolewa bure vilevile.

Setilaiti huona nini?

Hapa hatuna budi kueleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana istilahi isiyosimama juu ya kazi yenyewe huyumba. Setilaiti hupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi. Picha yake imegawanyika katika vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, na kila pikseli hupewa thamani moja tu. Pikseli ya Landsat ya kwanza ilifunika ardhi ya karibu mita 80 kwa mita 80, yaani zaidi ya ekari moja na nusu. Katika mtaa kama Manzese, eneo hilo lingemeza nyumba nyingi pamoja na vichochoro, miti na madimbwi, na vyote vikatoka vimechanganyika kuwa rangi moja. Landsat ya mwaka 1982 ilikuja na pikseli ya mita 30. Sentinel ya mwaka 2015 ina pikseli ya mita 10.

Jambo la pili ni paa. Nyumba iliyoezekwa nyasi hurudisha mwanga karibu sawa na nyasi za uwandani, na kuta za udongo hurudisha mwanga kama udongo. Kwa hiyo vijiji vingi vya zamani havikuonekana katika picha za kwanza, ingawa vilijaa watu. Paa za bati zilipozidi ndipo vijiji hivyo vilipoanza kung'aa. Mtu asiyelijua hili atasoma ramani mbili za miaka tofauti na kusema kuwa hapa hapakuwa na watu, kisha mji ukaibuka ghafla. Kumbe wakati mwingine kilichobadilika ni paa tu.

Kutokana na hayo tunapata tofauti ya kwanza ya istilahi. Setilaiti huona kile kilichoifunika ardhi: majani, miti, maji, udongo, bati, lami. Haioni mtu anaitumia ardhi hiyo kwa kazi gani. Uwanda wa nyasi waweza kuwa malisho, makaburi, uwanja wa mpira au shamba lililopumzishwa. Wataalamu huyatenga mambo haya mawili, lakini tafsiri zetu nyingi huyaita yote matumizi ya ardhi. Tunaona yafaa kusema kifuniko cha ardhi kwa kile kinachoonekana kutoka juu, na kuliacha jina la matumizi ya ardhi kwa kile kinachojulikana baada ya kwenda chini na kuwauliza wenyeji.

Jambo la tatu ni wakati. Mwanga wa jua haupenyi mawingu, kwa hiyo picha safi huchaguliwa zaidi miezi ya kiangazi. Ramani inayotokana na picha hizo ni ramani ya kiangazi, hata kama kichwa chake hakisemi hivyo. Mbuga iliyokauka, au iliyopitiwa na moto, huonekana kama ardhi isiyo na kitu. Mtafsiri hukuta tabaka hilo katika ufunguo wa Kiingereza, naye huandika ardhi tupu au ardhi wazi. Neno mbuga, lililokuwa na masika na kiangazi ndani yake, limekwisha potea.

Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita katikati ya Jiji la Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu wasiofika 400,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Jiji lilipangiwa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, na mipango hiyo ilijua kuwa mabonde ya mito si mahali pa makazi. Ilitaka yaachwe yawe maeneo ya wazi.

Tuyatazame maneno hayo, eneo la wazi. Kwa mpangaji wa miji, maana yake ni eneo lililokusudiwa lisijengwe. Kwa msemaji wa kawaida, kitu kilicho wazi ni kitu kisicho na mwenyewe, kama tusemavyo kuwa nafasi ya kazi iko wazi. Hatusemi kuwa watu walihamia mabondeni kwa sababu ya neno. Walihamia kwa sababu viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache kuliko watu, na bondeni palikuwa karibu na kazi. Lakini neno halikuwaonya. Lilifanana na mwaliko.

Tarehe 20 hadi 22 Desemba 1971 hazina la kukumbukwa katika habari hii. Za mwaka 2011 zinalo. Katika siku hizo tatu za 2011 mvua kubwa ilifurika bonde lile, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na maelfu wakakosa makazi. Baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sehemu mojawapo iliyofurika huitwa Jangwani, nalo ni jina la ajabu kwa mahali penye maji mengi kiasi hicho. Miaka michache baadaye kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa hapo hapo Jangwani, nacho kimefurikwa mara kadhaa.

Mwaka 2015 ulianza mradi ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walishirikiana kuchora mifereji, vichochoro na nyumba za kata zinazofurika, wakitumia picha za setilaiti na za ndege zisizo na rubani. Jina la mradi ni tafsiri njema: ramani isiyofungiwa, ambayo yeyote aweza kuitumia na kuisahihisha. Kubwa zaidi ni kwamba wakazi waliulizwa maji hufika wapi. Wakajibu kwa lugha yao: yalifika magotini, yalifika dirishani, yalipita juu ya mlango. Setilaiti haina kipimo hicho.

Mamba na uwanda wa Rukwa

Sasa twende Katavi. Msomaji aweza kuuliza, kwa nini tuiache Dar es Salaam twende kwenye vijiji vya Mpimbwe? Sababu ni kwamba miji ya kesho inaota huko. Mji wa Mpanda ulikua kutokana na mgodi wa risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya madini hayo. Mwaka 2012 Mpanda ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604 mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu katika miaka kumi.

Mamba iko kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, katika uwanda wa Bonde la Rukwa. Huko Wapimbwe wenye asili ya nchi hiyo wanaishi pamoja na wakulima na wafugaji waliohamia, wakiwamo Wasukuma wengi. Maji ya Mto Katuma hupita katika mbuga za hifadhi na kuelekea Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutolea maji. Kwa sababu hiyo kingo zake husogea sana, mwaka wa mvua nyingi zikapanuka na mwaka wa ukame zikarudi nyuma.

Katika nchi ya namna hii, hesabu ya pikseli na maana ya neno hukutana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ukanda wa mita 60 ni mwembamba kuliko pikseli moja ya Landsat ya kwanza. Katika picha za mita 30 ni pikseli mbili, na katika Sentinel ni sita. Kwa hiyo ukanda ambao sheria inaulinda umeanza kuonekana vizuri kutoka angani katika miaka ya karibuni tu. Lakini hata pikseli ikiwa ndogo namna gani, haijibu swali la mtafsiri: ukingo upi? Ukingo wa kiangazi, mto ukiwa uzi mwembamba katikati ya mchanga, au ukingo wa masika, maji yakiwa yametanda? Mwenye kupima viwanja mwezi wa Septemba na mwenye kuhama nyumba mwezi wa Machi hawatakubaliana, na wote wawili wanasema ukingo.

Jambo hili lina uzito wa sheria pia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kufasili ardhi ya jumla, inataja hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kama ramani ya kiangazi inaita mbuga ya kijiji ardhi tupu, ni rahisi kwa mtu aliye mbali kuisoma kuwa ardhi isiyotumika. Mtu huyo aweza kuipangia viwanja, akiamini kuwa hamwondoi mtu. Kumbe amemnyang'anya mfugaji malisho yake, na amemweka mjenzi mpya ndani ya njia ya maji. Ndivyo neno moja lizaavyo maskini wawili.

Hatari, hatarishi, hatarini

Wataalamu wa maafa hutenga mambo matatu: jambo linaloweza kudhuru, kama mvua kubwa, watu na mali zilizo katika njia yake, na wepesi wa hao kudhurika, kutokana na nyumba dhaifu au umaskini. Hatari ni matokeo ya hayo matatu yakikutana. Mvua kubwa juu ya mbuga isiyo na watu si hatari ya mji, bali ni neema ya nyasi. Kiswahili chetu cha ofisini mara nyingi huyaita yote matatu hatari, na hapo ndipo mpango huanza kupotea. Tunapendekeza jambo lenyewe liitwe tishio, wepesi wa kudhurika uitwe udhaifu mbele ya tishio, na hatari libaki kuwa jina la jumla yao.

Halafu kuna neno hatarishi. Limetokana na kitenzi kuhatarisha, na kwa umbo lake lina maana ya kinachotia wengine hatarini. Kwa hiyo maeneo hatarishi ni usemi sahihi: bonde humtia mkazi hatarini. Lakini siku hizi husemwa pia makundi hatarishi, kwa kukusudia watu wanaokabiliwa na hatari. Kisarufi watu hao wamegeuzwa kuwa wao ndio hatari. Aliyefurikwa na maji anaandikwa kama aliyeyaleta. Katika ripoti ya kuhamisha watu, kosa hili si dogo, kwa sababu anayehesabiwa kuwa mkosaji hutozwa, na anayehesabiwa kuwa mhitaji husaidiwa. Yafaa tuseme watu walio hatarini.

Mapendekezo

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, maneno haya yataendelea kupimwa mbele ya mahakimu. Kwa hiyo twatoa mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayajadili:

1. Kifuniko cha ardhi litumike kwa kinachoonekana katika picha, na matumizi ya ardhi kwa kilichothibitishwa mahali penyewe.

2. Mbuga lirudishiwe maana yake ya ardhi ya chini yenye udongo mweusi inayoshika maji ya masika. Sehemu zilizotengwa kwa wanyama ziitwe hifadhi.

3. Ardhi tupu liandikwe kwa mwamba, mchanga na magadi tu. Penginepo, ufunguo wa ramani utaje mwezi ambao picha ilipigwa.

4. Eneo la wazi katika mipango ya miji liitwe eneo lisilojengwa, na sababu yake iandikwe kando.

5. Ukingo usitajwe peke yake. Uandikwe ukingo wa masika au ukingo wa kiangazi.

6. Tishio, udhaifu na hatari yasichanganywe. Na hatarishi lisitumike kwa watu.

Mwalimu wa jiografia katika shule ya Mpimbwe aweza kuanza kazi hii bila kungoja kikao. Awape wanafunzi ramani ya kata yao, awaambie waende nyumbani wawaulize wazee kila mahali panaitwaje na maji hufika wapi masika. Majina watakayoyaleta yaandikwe juu ya ramani kabla viwanja havijapimwa. Katika Bonde la Msimbazi kazi hiyo ilifanywa baada ya mafuriko. Huko Mamba ingali mapema.